Hadithi Iliyofika Dirishani

Machi 2

Nimeipeleka hadithi yangu. Naandika hapa ili siku nyingine nisije nikajidanganya kwamba niliogopa. Nilipanda ngazi za nyuma ya duka la rangi, nikagonga mlango, nikaingia na karatasi zangu nimezificha ndani ya mfuko wa vitambaa kama mtu aliyeiba.

Chumba chenyewe ni hicho tu: meza moja, viti visivyofanana, dirisha moja, na harufu ya rangi inayopanda kutoka dukani mpaka macho yanawasha. Ndiyo maana dirisha halifungwi. Humo ndimo vijana wanamotengenezea jarida lao. Wanaliandika lote kwa mkono, wanalitoa fotokopi, wanalibana pini na kuligawa. Kazi iliyochapwa kwa mashine hawaipokei. Aliyevuka miaka kumi na minane naye hawampokei. Mimi natimiza kumi na tisa mwezi wa sita, kwa hiyo toleo hili la Mei likinipita, basi tena, nitabaki kuwa msomaji kama wasomaji wengine.

Utaratibu wao sijauona kwingine. Karatasi haiandikwi jina. Unaibana kwa kibanio cha nguo kwenye kamba iliyofungwa kutoka mlangoni hadi dirishani. Kila kazi huanzia mlangoni. Msomaji akiipenda, anaisogeza hatua moja mbele, na akitaka anaacha kikaratasi cha maoni. Zitakazofika dirishani ndizo zinazoingia jaridani. Mwenye kazi haruhusiwi kuigusa wala kusema ipi ni yake.

"Hapa kazi inajitembeza yenyewe," alinieleza mhariri wao, msichana mwenye miwani mikubwa ambaye wote wanamwita Miwani. Ni mdogo kwangu, lakini anaongea kama anasoma taarifa ya habari.

Kibanio changu ni chekundu.

Machi 4

Mvua zimeanza. Matundu ya vifungo kutwa nzima, kwenye sare anazoshona Mama.

Machi 7

Nimepita kuchungulia. Ipo pale pale mlangoni, imeelemeana na insha moja inayoitwa "Faida za Kuamka Mapema". Shairi la mwezi, lililoletwa juzi tu, limeshafika katikati ya kamba. Nililisoma. Mwezi umeitwa "ee mwezi" mpaka mimi mwenyewe nikauonea huruma.

Kuna kijana mrefu, naye wanamwita Mrefu, ambaye kazi yake ni kuangalia vibanio visianguke. Aliponiona nimesimama muda mrefu akasema, "Dada, ukipenda kitu sogeza, usione haya." Nikasogeza insha ya kuamka mapema ili asijue yangu ni ipi. Nimerudi nyumbani nimejikasirikia.

Machi 11

Leo nimetaka kulia.

Mama ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na mimi tangu nimalize mitihani ndiye ninayeshughulikia matundu na vifungo. Hadithi yangu niliiandika kwanza kwenye karatasi pana za kukatia vipande, zile anazochorea kola na mikono, kisha ndipo nikaihamishia kwenye karatasi safi. Rasimu niliiweka chini ya meza. Leo nimeingia nimemkuta Mama na mkasi mkononi, hadithi yangu iko mezani imeshakuwa vipande.

"Mama! Hiyo ni hadithi yangu!"

"Hii ni karatasi yangu," akasema, wala hakuinua macho. "Na wewe ukipata tundu la kifungo lililonyooka, ndiyo tutaongea habari za hadithi."

Kwa hiyo rasimu imekuwa kola, mikono na mifuko ya kifuani. Simu yangu ni kitochi, haina kamera. Nakala pekee duniani ni ile iliyobanwa mlangoni karibu na faida za kuamka mapema.

Machi 12

Afadhali ningeandika habari za mwezi.

Bibi, mama yake mama yangu, tunaishi naye. Kila alfajiri anafagia uwanja, na anafagia kwa kelele, kwa sababu haoni sababu ya yeye kuwa macho na sisi tumelala. Anagombana na majani. Anagombana na paka wa jirani. Hadithi yangu inamhusu bibi wa namna hiyo. Mwishoni bibi huyo anafia uwanjani, nusu ya uwanja imefagiliwa na nusu bado, na mjukuu wake anauacha vile vile, hagusi ufagio. Ndiyo hadithi yote. Nilijivunia mwisho ule kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Leo mchana Bibi alikuja kutuletea chai kazini, akakaa, akaokota kola ya karatasi sakafuni. Bibi husoma polepole, kidole kikitangulia. Nikamwona kidole kinakwenda, kinasimama, kinarudi nyuma.

"Bibi alifariki," akasoma kwa sauti, "kabla ya kulifikia geti."

Cherehani ya Mama ikanyamaza.

"Bibi gani huyu?"

"Ni hadithi tu, Bibi."

"Geti gani hili?"

Bibi akaigeuza kola, akatazama nyuma, akaigeuza tena. "Nimekulea, nimekubeba mgongoni, nimekutafunia chakula huna meno. Leo unaniua, tena unaniulia kwenye kola?"

Mama akaangua kicheko mpaka akainamia meza. Bibi hakucheka. Aliikunja ile kola, akaitia kifuani, akaondoka na chai yake.

Machi 13

Uwanja haukufagiliwa. Nilipomuuliza Bibi kama anaumwa, akanijibu akiwa amejilaza, "Waliokufa hawafagii."

Nimefagia mimi.

Machi 14

Nimefagia mimi. Mvua imeangusha majani ya mtaa mzima, na yote yamechagua kwetu.

Machi 18

Bibi akiitwa kula, anasema, "Maiti haili." Kisha anakuja, anakula, anaomba aongezewe. Jirani akija kumsalimia anaambiwa, "Mimi ni marehemu, mwulize mjukuu wangu." Jirani anageuka kunitazama mimi. Nimeeleza habari hii mara nyingi mpaka naonekana mwongo.

Machi 21

Kibanio chekundu kimesogea! Hatua mbili! Insha ya kuamka mapema nimeiacha nyuma na siionei huruma. Kuna pia kikaratasi: "Nzuri ila inahuzunisha."

Inahuzunisha. Sasa mtu akifa ulitaka nini?

Machi 26

Hatua nyingine. Vikaratasi vitatu. Cha kwanza: "Bibi ananikumbusha bibi yangu." Hiki nimekisoma mara nyingi. Cha pili: "Bibi asife." Cha tatu: "Kwa nini huyu msichana hamalizii kufagia? Ni mvivu?"

Nilishika penseli nikataka kumjibu huyu wa tatu. Mrefu akakohoa. Nikaiweka chini.

Machi 27

Matundu ya vifungo. Mvua. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu limeumia vya kutosha.

Aprili 3

Imepita katikati. Usiku wa jana nililala vibaya kwa furaha, leo nimefagia nikiimba. Bibi akafungua dirisha lake. "Unaimba kwenye msiba?"

Aprili 9

Kuna tangazo ukutani kwa mwandiko mzuri kabisa, wa msichana anayenakili jarida zima, ambaye kwa ajili hiyo wanamwita Mwandiko. Nalinakili kama lilivyo: "Mwenye kibanio chekundu anaombwa kubadilisha mwisho. Toleo hili ni la Matumaini. Bibi asife. Asipobadilisha, kazi itarudishwa mlangoni."

Nikasahau kwamba sitakiwi kujulikana kibanio changu ni kipi.

"Hivi Miwani," nikasema, "mkimwambia mtu abadilishe mwisho, si inakuwa hadithi yenu?"

"Sisi tunashauri tu."

"Ushauri wenye kurudishwa mlangoni?"

Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Dada, mbona wewe inakuuma? Kwani ni yako?"

Chumba kizima kikanigeukia. Ningesema ndiyo, ningetolewa kwa kuvunja kanuni. "Si yangu," nikasema. "Naulizia tu."

Nimeikana hadithi yangu mbele za watu. Njia nzima nimetembea nikizungumza peke yangu, na majibu mazuri yote yamenijia wakati nimeshafika nyumbani.

Aprili 10

Bibi, asubuhi: "Vipi, wamenifufua?"

"Bado."

"Wahimize."

Kwa hiyo sasa Bibi na Miwani wako upande mmoja, na hawajawahi hata kuonana. Mama naye nilimwomba anitetee. Akasema yeye ni wa kushona, hazuii watu kufa wala kupona.

Aprili 15

Sijabadilisha. Sitabadilisha. Nilikwenda nikiamini nitaikuta mlangoni. Nimeikuta imesogea tena! Wasomaji hawakujali tangazo. Imebakiza kazi mbili tu kufika dirishani, na moja ni lile shairi la mwezi. Miwani alikuwa ameketi akitazama kamba, amekunja mikono, amenuna.

Nilifurahi kumwona amenuna. Naandika ukweli.

Aprili 19

Imefika. Kibanio chekundu kiko dirishani, cha mwisho kabisa, kinachezeshwa na upepo. Hakuna wa kumwambia, maana siruhusiwi. Nimemwambia Bibi.

"Nimekufa mpaka dirishani?" akauliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Hongera," akasema, akageukia ukuta.

Aprili 21

Mvua ya usiku na mchana. Upepo umeng'oa bati la choo cha jirani. Mama hakwenda kazini. Niko kitandani, najiambia hakuna mtu mjinga kiasi hicho, lazima mtu mmoja amepita akalifunga lile dirisha.

Aprili 23

Hakuna aliyepita.

Lakini nianze mwanzo, maana jana na leo zimekuwa siku moja ndefu na kichwa kinaniuma.

Jana asubuhi nilipanda ngazi nikasikia harufu ya pasi. Ndani, maji yamefika nusu ya sakafu. Upande wa dirishani kamba imelegea, karatasi zimening'inia zimeshikana, wino umetiririka hadi ukutani. Shairi la mwezi limekuwa doa la buluu. Upande wa mlangoni, kukavu, wala halijadondoka tone. "Faida za Kuamka Mapema" ilikuwa imebanwa pale pale nilipoisogeza, imenyooka, safi kama ilivyoletwa.

Hebu niandike taratibu nielewe mwenyewe. Miezi miwili tumekaa tukizisogeza kazi tulizozipenda kuelekea kwenye dirisha ambalo halifungwi, msimu wa mvua. Na ambazo hakuna aliyezitaka tumeziacha mahali pakavu. Hatukuhitaji adui.

Miwani alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti, anapiga pasi karatasi moja moja juu ya kanga. Miwani yake imejaa mvuke, na chini yake machozi yanashuka, wala hayafuti. Mrefu alikuwa anakamua kamba. Mwandiko amekaa juu ya meza na kalamu zake mapajani, hana cha kunakili.

"Fotokopi ni kesho," Miwani akasema bila kumtazama mtu. "Mwenye mashine ametupa siku hiyo moja tu. Tutachapisha za mlangoni."

"Ile ya kibanio chekundu iko wapi?" nikauliza.

Akainyanyua. Ndiyo aliyokuwa anaipiga pasi. Kurasa nne za mwanzo zilikuwa zimekunjamana lakini zinasomeka. Ule wa tano, wa mwisho, ulikuwa umeelekea nje, na ulikuwa umebaki kama uji.

"Hii nilitaka iingie," akasema. "Nilibandika lile tangazo, ndiyo. Lakini nilitaka iingie."

"Ni yangu," nikasema.

Hakuna aliyenikumbusha kanuni. Miwani akanitazama, halafu akanikabidhi zile kurasa nne zikiwa bado za moto. "Kesho asubuhi," akasema. "Kabla duka halijafunguliwa. Dada, tafadhali."

Nilikwenda moja kwa moja kazini kwa Mama kukusanya rasimu. Mkono wa kushoto upo, mifuko ipo, mkono wa kulia umechorwa juu yake mara tatu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa kwenye kola, na kola iko kwa Bibi.

Bibi alikuwa kitandani, marehemu kama kawaida. Nikamweleza yote, dirisha, mvua, pasi. Akasikiliza. Kisha akaingiza mkono chini ya mto, akatoa ile kola imekunjwa vizuri.

"Chukua ukanizike," akasema. Nilipoipokea, hakuiachia. "Lakini kwanza nisomee. Mtu hazikwi bila wasifu."

Ndipo nikatambua kwamba Bibi hajawahi kuisoma hadithi. Alisoma mwisho tu, ule wa kufa, akabaki nao mwezi mzima.

Nikakaa miguuni pake nikamsomea. Nilipofika pale bibi anapogombana na paka wa jirani, mtikisiko wa kitanda ukaniambia kwamba anacheka. Pale anapowafokea majani, "Mbona hamwangukii kwenu?", akasema, "Hayo ni maneno yangu." Mama akaja akasimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni, akasikiliza mpaka mwisho bila kutaja vifungo.

Nikamaliza.

"Kumbe nimeishi kurasa nne," Bibi akasema. "Na kufa mmoja."

"Ndiyo."

"Ungeniambia! Mimi nilijua nimekufa kitabu kizima." Akavuta shuka. "Haya, nenda kaandike. Taa inakula umeme."

Nikakaa mezani kuunakili mwisho. Kola ilikuwa mbele yangu, sentensi zote zipo, zile nilizojivunia. Niliandika "Bibi alifariki", nikafuta. Niliandika tena, nikafuta. Nimeutetea mwisho huu mbele ya kila mtu, na sasa hakuna anayenizuia, mkono umegoma. Nililala juu ya meza, nimekasirika mpaka usingizini.

Kilichoniamsha ni ufagio.

Sikuwa nimeusikia tangu mwezi wa tatu. Ulianzia mlangoni, shwa, shwa, ukaenda ukiteremka kuelekea getini, na sauti ya Bibi juu yake ikiwasema majani kwa majina. Nilibaki nimefumba macho. Ufagio ukafika katikati ya uwanja. Ukanyamaza.

Nikasubiri. Hata jani moja halikusikika. Nikajua ni mimi niliyeandika kitu hiki, na kwamba nilikiandika bila kukijua. Nilikuwa nimeshasimama, mkono uko kwenye komeo, Bibi akapaza sauti:

"We muuaji! Amka ulete beseni la majani!"

Nililipeleka beseni. Nikarudi mbio, nikaandika mwisho mpya, mistari michache. Msichana yuko kitandani, anasikiliza ufagio. Sentensi mbili za mwisho ni hizi: "Ufagio ukanyamaza. Nikasubiri." Basi. Nilifika kwa Miwani duka halijafunguliwa. Akausoma amesimama ngazini.

"Kwa hiyo amekufa au hajafa?"

"Sijui," nikasema, na ilikuwa kweli.

Mei 4

Jarida limetoka. Ukurasa wa kwanza kabisa, "Faida za Kuamka Mapema". Sina la kusema juu ya hilo.

Yangu iko katikati. Mwandiko ameiandika vizuri hata nikaiona ngeni. Nikashuka nayo polepole mpaka chini, "Ufagio ukanyamaza. Nikasubiri." Na chini yake, kwa herufi zile zile nzuri, mstari ambao sikuuandika: "Mara Bibi akakohoa, akaendelea kufagia, na jua likachomoza."

Nilizipanda zile ngazi kwa hasira ambayo sijawahi kuwa nayo.

"Nani ameweka jua?"

Mrefu akatazama sakafu. Miwani hakukana. "Chini ya ukurasa palikuwa na nafasi," akasema.

"Nafasi! Kwani umeambiwa ni kiwanja?"

"Na toleo ni la Matumaini."

"Miwani, ile ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Mwezi ujao sina umri. Ulijua."

"Nilijua." Ile sauti ya taarifa ya habari haikuwepo. "Nilipousoma mwisho wako sikutulia, dada. Nilikaa nasubiri na mimi. Kabla ya fotokopi nikamwambia Mwandiko aongeze mstari, sitawafanyia watu hivyo."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na safari hii yote yalikuwa tayari mdomoni. Nikaondoka bila kuaga.

Kila mwandishi hupewa nakala mbili. Moja nimempa Bibi. Ameisoma barazani, kidole mbele, mchana kutwa. Alipofika chini akapagonga kwa ukucha. "Huyu aliyeandika hapa mwisho ana adabu zake. Mfuate akufundishe."

Kwenye nakala yangu nimeufuta ule mstari kwa kalamu, nikaupitia mara mbili. Ya Bibi nimeiacha.

Mei 5

Mvua imekatika. Alfajiri ufagio ulianzia mlangoni, ukateremka, ukafika katikati ya uwanja, ukanyamaza. Nikafumbua macho. Nikasubiri.

Bibi akakohoa, akaendelea kufagia. Jua tu ndilo halikuchomoza, kulikuwa na mawingu. Nimelala pale nikiusikiliza mstari ule mbaya, neno kwa neno, hadi getini, na sikutaka uishe.